Maswali ya Wasomaji: Masta ya Uuguzi, Usome Mchepuo Upi?

Tangu tulipogusia masomo ya juu ya uuguzi, barua kutoka Mtwara na Lindi zimekuwa nyingi. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nikishapata shahada, nibobee katika nini, na nitafikaje huko? Tumechagua sita na kuzifupisha.

Niko leba katika hospitali ya wilaya, nina shahada na miaka minne kazini. Moyo wangu uko kwenye ukunga, ila wenzangu wodini wananiambia nisome uongozi ili nitoke kwenye zamu za usiku. Nifanye nini? – Muuguzi, Masasi

Dada, jiulize kwanza: saa nane usiku, mgonjwa gani akiletwa unajikuta umeshasimama kabla hujaitwa? Huyo ndiye mchepuo wako. Miaka miwili ya uzamili ina kusoma, kuzunguka wodini na kuandika tasnifu, na mtu aliyeingia kwa kukimbia kitu huchoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeraha, na wa uuguzi wa afya ya akili. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina programu zake. Majina ya programu hufanana kati ya chuo na chuo lakini yaliyomo hayafanani, kwa hiyo omba muhtasari wa masomo uusome kabla ya kulipia fomu. Tazama hasa saa za wodini: ni ngapi, katika hospitali gani, na nani atakusimamia. Programu yenye nadharia tupu na wiki chache za wodi itakurudisha Masasi na cheti, lakini mikono itakuwa ile ile uliyoondoka nayo.

Sasa, ukunga katika ngazi hii una nini ambacho hukijui tayari? Chukua kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti unaijua: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4 hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho. Unajua pia kwamba kabla ya kila dozi unahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, unagonga goti uone kama linashtuka, na unapima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, huku kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kupunguza makali ya dawa hiyo ikizidi, ikiwa karibu. Muuguzi wa uzamili anatakiwa aulize swali linalofuata: kwa nini wodi yenye dawa hiyo kabatini bado inapoteza mama? Akifuatilia mafaili atakuta, kwa mfano, kwamba kichupa kina mchanganyiko wa asilimia 50, wa mshipani unatakiwa uwe wa asilimia 20, na usiku ule aliyekuwa zamu hakuwa na hakika ya kuchanganya. Jibu lake ni karatasi moja iliyobandikwa ukutani: mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 zenye gramu 4, choma polepole. Halafu anawazoesha wote, na baada ya miezi 3 anarudi kwenye mafaili kuona kama kuna kilichobadilika. Hiyo ndiyo kazi ya masta.

Damu baada ya kujifungua ni hivyo hivyo. Jicho hudanganya: damu iliyolowa kwenye kanga na shuka huonekana kidogo kuliko ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko wenye vipimo unaowekwa chini ya mama, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Matokeo mabaya, yaani kutokwa damu ya lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo zote zilikuwepo zamani. Kilichokosekana ni kupima mapema na kutosubiri. Mtu wa kuleta mabadiliko ya aina hiyo wilayani ni mkunga aliyesoma jinsi ya kuyaleta na kuyapima, na huku kwetu kwenye joto atakumbuka pia kuuliza kama oksitosini ya wodi inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 au inakaa kwenye trei tangu asubuhi.

Uongozi hatuudharau. Ni mchepuo wenye hesabu nzito. Nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa kuwa na mtu saa zote ina saa 168 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya saa 40, unahitaji watu 4.2, na ukiweka likizo ya siku 28, ugonjwa na mafunzo, unakaribia 5. Ukiona ratiba ya zamu ya wodi yenu na papo hapo ukaanza kuihesabu namna hiyo, huenda kweli uongozi ni wako. Lakini kama sababu ni usiku tu, matroni naye huamshwa saa tisa, tena na matatizo ya wodi zote.

Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, niko kituo cha afya. Naweza kuruka shahada niingie masta? – Muuguzi, Ruangwa

Hapana, kaka. Uzamili unasimama juu ya shahada ya kwanza. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu kiwango cha chini cha kuingia uzamili ni wastani wa 2.7 katika shahada, na chuo kinaruhusiwa kuweka cha juu zaidi ya hapo.

Njia yako ipite shahada ya uuguzi. Kwa mwenye stashahada wanatazama wastani wa 3.0 pamoja na ufaulu wako wa kidato cha nne, na utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Iombe mapema, maana jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kidato cha nne na cha chuo, hata herufi moja, huchelewesha kila kitu. Ukiwa kwenye shahada, tunza wastani wako tangu muhula wa kwanza. Wengi huja kuukumbuka mwaka wa mwisho, wakati 2.6 haiwezi tena kuwa 2.7.

Mchepuo wa wagonjwa mahututi na majeraha unafundisha nini hasa, na watu huangukia wapi? – Muuguzi wa dharura, Mtwara Mjini

Umeuliza swali zuri, kaka. Watu huangukia kwenye hesabu na kwenye fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi. Mikono ya muuguzi wa dharura huwa tayari ni mizuri.

Tuanze na hesabu. Mgonjwa wa kilo 60 ameandikiwa noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Hiyo ni mikrogramu 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Umechanganya miligramu 4 ndani ya mililita 50, kwa hiyo kila mililita ina mikrogramu 80. Gawa 360 kwa 80: mashine ya kusukuma dawa uiweke mililita 4.5 kwa saa. Darasani unaulizwa ufanye hivyo kwa kichwa huku presha ikishuka. Kosa la kawaida ni kusahau kuzidisha mara 60 kutoka dakika kwenda saa, na mgonjwa anapata sehemu ndogo mno ya dozi huku kila mtu akidhani dawa imekataa.

Kisha mashine ya kupumulia. Hewa ya kila pumzi hukadiriwa kwa urefu wa mgonjwa, kwa sababu mapafu hayakui mtu anaponenepa. Kwa mwanamume: chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, ongeza 50. Mwanamume wa sentimita 170 anapata kilo 66. Kwa mililita 6 kwa kilo, pumzi yake ni kama mililita 396. Ukitumia mizani ikasoma kilo 95, ungempa 570, na mapafu yaliyokwisha kuumia yangetanuliwa hadi yaumie zaidi. Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa Marekani ulilinganisha mililita 6 na 12 kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoshindwa kazi: waliopewa pumzi ndogo walikufa asilimia 31, wa pumzi kubwa karibu 40. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuwa nacho kando ya kitanda ni futi ya kupimia. Wodi nyingi zinayo mizani na hazina futi.

Utasoma pia kusoma gesi za damu, kupima fahamu kwa alama 3 hadi 15, na kumpokea majeruhi kwa mpangilio: njia ya hewa huku shingo ikilindwa, kupumua, damu, fahamu, kisha kumfunua na kumkagua mwili mzima. Ajali za bodaboda zitakupa mazoezi ya kutosha. Tabia ya kuvutwa na mfupa uliotokeza, ukaacha kifua kisichopanda upande mmoja, ndiyo mchepuo huu unayoivunja.

Jambo la huku kusini ni rufaa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, hakukuwa na gari la wagonjwa la kupita kwenda Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Hospitali ya kanda na za mikoa zinatakiwa ziweze kumshika mgonjwa mahututi zenyewe. Na hata barabara ikiwa nzima, mtungi mdogo wa oksijeni wa lita 680, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa dakika 68. Gawa kabla ya kuondoka, ongeza nusu ya muda kwa ajili ya gari kuharibika, ndipo uhesabu mitungi ya kupakia.

Usiuchukue mchepuo huu kama hospitali utakayorudi haina, wala haina mpango wa kuwa na, vitanda vya mahututi. Ujuzi wa mashine hupotea haraka usipotumika.

Ndugu yangu yuko Marekani anasema nisome kwa mtandao masta ya "muuguzi anayetibu", nitapata kazi kule na hapa. Ni kweli? – Muuguzi, Lindi Mjini

Dada, hapa twende polepole kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapa.

Kule Marekani kazi hiyo ilianza mwaka 1965 chuo kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanza kuwafundisha wauguzi kuwahudumia watoto katika maeneo yenye madaktari wachache. Leo wauguzi wa ngazi ya juu wako katika kazi 4: muuguzi anayetibu, mkunga, mtaalamu wa dawa za usingizi, na mtaalamu wa kliniki anayeinua ubora wa huduma. Tangu makubaliano ya mwaka 2008, mwanafunzi anachagua pia kundi la wagonjwa kati ya 6: familia ya umri wote, watu wazima na wazee, watoto wachanga, watoto, afya ya wanawake, au afya ya akili.

Chaguo hilo linakufunga. Aliyesomea watoto wachanga haruhusiwi kutibu watu wazima mpaka arudi chuoni kuchukua cheti cha ziada. Wote husoma masomo 3 ya msingi: patofiziolojia ya juu (jinsi ugonjwa unavyovuruga mwili), uchunguzi wa mgonjwa, na famakolojia (elimu ya dawa). Viwango vya mwaka 2022 vinataka muuguzi anayetibu afanye angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja, awali zilikuwa 500. Mchepuo wa dawa za usingizi sasa husomwa kwa shahada ya udaktari wa taaluma: tangu Januari 2022 kila anayeanza huingia programu ya ngazi hiyo.

Sasa tazama hiyo "masta ya mtandaoni". Masomo huwa kwenye kompyuta, lakini zile saa 750 ni za kliniki halisi, chini ya msimamizi mwenye leseni, na kwa kawaida chuo hudai uwe na leseni ya uuguzi ya jimbo la huko kabla ya kukupokea. Leseni hiyo inataka vyeti vyako vitathminiwe, upime Kiingereza na ufaulu mtihani wa NCLEX-RN. Chuo kinachokwambia hakuna haja ya yote hayo kinakuuzia masta isiyo na kliniki, ambayo haitakupa leseni kule.

Na hapa nyumbani? Kazi ya kumchunguza na kumwandikia dawa mgonjwa wa kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya tumewapa matabibu. Kwa hiyo muuguzi anayetibu hana kiti kilichoandaliwa kwa jina hilo. Shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, na taaluma itambuliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Uliza taasisi zote mbili kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Kama nia yako ni kuhamia Marekani, anza na NCLEX, masta utaisomea huko huko. Kama nia ni kubaki Lindi, soma mchepuo unaotambulika hapa.

Nasoma mwaka wa kwanza wa uzamili na nataka kukusanya data nyumbani. Naambiwa tasnifu ndiyo huchelewesha watu. Kwa nini? – Mwanafunzi, kwetu Nachingwea

Kwa sababu swali huwa kubwa mno na vibali huombwa kwa kuchelewa.

Kuhusu ukubwa wa sampuli: ukitumia kanuni ya kawaida, kiwango cha kukadiria asilimia 50 na ukingo wa makosa asilimia 5, unapata watu 384. Ukitarajia mmoja kati ya 10 akatae, gawa kwa 0.9 upate 427. Wanafunzi wengi huibeba namba hiyo hadi wilayani kisha wakagundua wauguzi wote wanaowatafuta ni 120. Kundi likiwa dogo unarekebisha: gawa 383 kwa 120, ongeza moja, kisha gawa 384 kwa jibu hilo, unapata 92. Mweleze msimamizi wako hesabu hiyo kwenye pendekezo, asije akakurudisha baada ya data.

Vibali vina foleni. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, kisha barua kwa uongozi wa mkoa, kisha halmashauri, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Kila ofisi husubiri barua ya ofisi iliyotangulia. Anza miezi 3 kabla, nenda na nakala ngumu za kutosha, na beba muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, maana anayesaini hana muda wa kurasa 40 za Kiingereza.

Dodoso litafsiriwe Kiswahili na mtu mmoja, mwingine asiyeliona la awali alirudishe Kiingereza, mlinganishe. Lijaribu kwa watu wachache nje ya eneo lako la utafiti. Maneno ya uzazi na ya akili ndiyo huteleza zaidi, na kwa bibi anayesikia vizuri Kimwera au Kimakua kuliko Kiswahili cha ofisini, mpate msaidizi anayeijua lugha, asiwe mtumishi wa wodi hiyo hiyo, la sivyo hakuna atakayelalamikia huduma. Epuka masika kama wahojiwa wako wako vijijini. Epuka pia Oktoba na Novemba kama unahitaji kuwakuta majumbani: watu wako kwenye mikorosho.

Shikamooni. Binti yangu ni muuguzi mwenye shahada, ameajiriwa na halmashauri mwaka jana. Anataka kwenda kusoma masta, nami ni mkulima wa korosho. Aanzie wapi, na mimi nijipangeje? – Mzazi, Tandahimba

Marahaba, na shikamoo mzee wetu.

Binti ahakikishe kwanza amethibitishwa kazini. Mwajiriwa mpya wa serikali hukaa kwenye majaribio miezi 12, na uthibitisho ni barua, hauji wenyewe tarehe ikifika. Kisha jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Huko ndiko wengi huachwa: wanapata nafasi chuoni ndipo wanaanza kuomba ruhusa, na mpango wa mwaka umeshafungwa. Aongee na muuguzi mkuu wa wilaya mapema, na mchepuo anaouomba uendane na upungufu wa halmashauri, auandike hivyo kwenye barua: "kituo kina chumba cha upasuaji na hakina mkunga wa ngazi ya uzamili", kama ndivyo ilivyo. Barua ipitie kwa mkuu wake wa kituo na mganga mkuu wa wilaya hadi kwa mkurugenzi mtendaji. (Angekuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, mwajiri angekuwa Wizara ya Afya.) Maombi ya chuo yenyewe hupelekwa moja kwa moja chuoni.

Asiondoke bila ruhusa ya maandishi, hata kama chuo kimeshafungua. Kutokuwepo kazini siku 5 au zaidi bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa, na hakuna masta inayorudisha ajira hiyo kwa urahisi. Akipata ruhusa, asome barua: ina mshahara au haina, na inamdai arudi kutumikia miaka mingapi.

Kwa upande wako, mzee, tatizo ni kalenda. Vyuo vingi hufungua karibu na Oktoba au Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo inaanza, na kwa stakabadhi ghalani fedha haziingii siku ya mnada. Kwa hiyo ada ya muhula wa kwanza itoke kwenye korosho za msimu uliopita. Iulizeni ofisi ya fedha ya chuo kama ada hulipwa kwa mihula, na mpate jibu kwa maandishi. Msimu wa kwanza akiwa chuoni ulipe muhula wa pili na kodi ya chumba. Msimu wa pili ndio wazazi wengi hudhani mzigo umekwisha, kumbe ndipo tasnifu inapoanza: nauli za kukusanya data, posho ya wasaidizi, kuchapa na kujalidi nakala. Gunia chache za mavuno hayo zitengwe kwa ajili hiyo kabla ya salfa ya kupulizia mikorosho msimu unaofuata haijanunuliwa.